Mtakatifu Kizito, Somo wa Watoto wa Shule za Msingi

Kati ya mashahidi 22 Wakatoliki wa Uganda, Kizito ndiye mdogo kuliko wote. Alikuwa na miaka 14 hivi, mtumishi kijana katika jumba la Kabaka Mwanga II, alipochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886.

Alibatizwa siku chache tu kabla ya kifo. Usiku wa kuamkia 26 Mei, hukumu ikiwa inakaribia, Karoli Lwanga, kiongozi wa watumishi vijana wa jumba hilo, aliwabatiza Kizito na wakatekumeni wenzake huko Munyonyo. Husimuliwa kwamba Lwanga alimwahidi mdogo wake huyo katika imani kuwa saa ikifika watashikana mikono. Kisha wakapelekwa Namugongo kwa miguu, wamefungwa.

Papa Paulo VI aliwatangaza mashahidi hao 22 kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

Darasa lililowekwa chini ya ulinzi wa Kizito huishi juma la sala. Saa sita mchana kengele ikilia, chaki huwekwa chini, madaftari hufungwa, na watoto husimama kusali Malaika wa Bwana. Rozari nayo ina zamu zake: Jumatatu matendo ya furaha, Jumanne na Ijumaa ya uchungu, Jumatano ya utukufu, Alhamisi ya mwanga. Wakati wa Kwaresima, Ijumaa hufanyika pia Njia ya Msalaba.

Kila tarehe 3 Juni, padre huadhimisha Misa akiwa amevaa kasula nyekundu, rangi ya mashahidi, na kila mtoto aitwaye Kizito hupongezwa kwa sikukuu ya somo wake.