Nani Ameshika Mizani?

Msikilizaji, kila nipitapo Bunda kuelekea Musoma na kuona pamba shambani, huikumbuka mizani.

Enzi za mkoloni, mkulima wa Jimbo la Ziwa, Musoma ikiwemo, alipeleka pamba kwa mnunuzi, na mwenye mizani ni huyo huyo mnunuzi. Alipunjwa akiona. Miaka ya 1950 wakulima wakaungana, wakiongozwa na Paul Bomani, wapime pamba yao wenyewe. Mwaka 1955 likazaliwa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, na vinu vya kuchambulia pamba vikaanza kuwa mali ya mwenye jembe.

Mwaka 1976 serikali ya Mwalimu, mwana wa Butiama, ilivunja vyama vikuu vya ushirika. Sheria ya 1982 ikavirudisha, na mwaka 1984 Mwalimu mwenyewe alikiri kuwa kuvivunja lilikuwa kosa.

Lakini kurudisha chama si kumrudisha mwanachama. Ushirika ulimwinua mnyonge kwa sababu mizani ilikuwa mikononi mwake. Kwa hiyo, ndugu yangu, kwenye mkutano mkuu usiulize bei tu. Uliza: mizani ameshika nani, na vitabu vya hesabu viko wapi?