Ishara za mwili katika poka

Ishara za mwili katika poka ni mabadiliko ya mwendo, sura, sauti au kasi ya mchezaji yanayoweza kumdokezea mpinzani ubora wa karata alizoshika. Huonekana pale wachezaji wanapokaa meza moja ana kwa ana. Anayecheza kwa njia ya intaneti huacha dalili chache tu, hasa muda anaotumia kabla ya kuamua. Kuzisoma ishara za wengine na kuzificha za kwako ni sehemu ya ustadi wa poka ya mezani, ingawa thamani yake ni ndogo kuliko filamu zinavyoonyesha.

Asili yake katika mchezo

Katika Texas Hold'em, aina ya poka inayochezwa zaidi kwenye mashindano makubwa, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Baadaye karata tano za wazi huwekwa mezani kwa awamu: tatu kwa pamoja, kisha moja, kisha moja ya mwisho. Kati ya awamu hizo wachezaji huweka dau kwa chipu, yaani visarafu vinavyowakilisha fedha. Asiyetaka kulipa dau la mwenzake hutupa karata zake na kujitoa. Wote wakijitoa, anayebaki huchukua fedha zote za mezani bila kulazimika kuonyesha alichoshika.

Kwa sababu hiyo mtu mwenye karata mbovu anaweza kushinda kwa dau la kutishia, yaani dau kubwa linalowekwa ili wengine waamini ana karata kali. Anapofanya hivyo moyo humwenda mbio, kinywa hukauka na pumzi hubadilika. Tatizo la msomaji wa ishara ni kwamba mwenye karata kali sana naye hupatwa na hayohayo, kwa kuwa anasubiri kwa hamu kuona kama mwenzake atalipa. Msisimko peke yake hausemi chochote. Hueleza tu kwamba jambo kubwa linaendelea.

Kanuni ya Mike Caro

Maelezo yaliyosambaa zaidi ni ya Mmarekani Mike Caro, ambaye mwaka 1984 alitoa kitabu kilichojaa picha za wachezaji mezani. Caro aliwagawa watu katika makundi mawili: wasiojua kwamba miili yao inasema, na wanaoigiza kwa makusudi. Kwa wale waigizaji alitoa kanuni rahisi: mwenye karata dhaifu hujifanya ana nguvu, na mwenye karata kali hujifanya mnyonge. Anayeguna, kuinua mabega na kusukuma chipu kana kwamba amekata tamaa anastahili kuogopwa kuliko anayezipiga mezani kwa kishindo na kumkazia mpinzani macho.

Kanuni hiyo hufanya kazi vizuri kwa wanaoanza. Wachezaji wazoefu wanaijua kama wanavyojua majina ya karata, na wengi huipindua.

Ishara zinazotajwa zaidi

Mikono inayotetemeka ndiyo huwapotosha wengi. Mgeni hudhani ni woga wa mtu anayedanganya. Mara nyingi ni kinyume: mchezaji ameona karata zilizompa ushindi karibu wa hakika, na mkazo aliokuwa nao umeachiliwa ghafla. Anayetishia kwa karata mbovu huwa na tabia ya kujibana, kupunguza mwendo, hata kupumua kidogo, asije akavuta macho ya watu.

Jicho linalokimbilia chipu ni ishara nyingine. Karata tatu za kwanza zinapofunuliwa, baadhi ya wachezaji waliopata kitu hutazama akiba yao mara moja, kwa sekunde chache tu, kisha hugeuza uso pembeni kana kwamba hawajali. Ndiyo maana wazoefu hawaangalii karata zinapofunuliwa, huwaangalia wenzao. Karata zitaendelea kuwepo mezani, lakini mtazamo ule haurudi.

Kuangalia tena karata za siri nako kuna maana yake. Tuseme karata tatu za mezani zote ni shupaza. Mwenye shupaza mbili mkononi anajua, kwani karata mbili za aina moja hukumbukwa kwa urahisi. Anayeinua tena kona za karata zake kwa kawaida ni yule anayekumbuka kwamba zilikuwa za aina tofauti na sasa anataka kujua kama mojawapo ni shupaza. Bado hajakamilisha karata tano za aina moja, ila huenda anazitafuta.

Maneno na muda huongezwa katika orodha hiyo. Mtu aliyekuwa mzungumzaji akanyamaza ghafla baada ya kuweka dau, au anayelipa upesi mno bila kufikiri, anatoa habari. Joe Navarro, aliyekuwa afisa wa FBI kabla ya kuandika kuhusu poka, anasisitiza miguu: watu hujifunza tangu utotoni kutawala nyuso zao, lakini wachache hukumbuka kilicho chini ya meza.

Hakuna hata moja kati ya hizi inayofaa bila kujua kawaida ya mtu. Anayetetemeka mikono kila siku hasemi lolote anapotetemeka leo. Kinachotafutwa ni tofauti kati ya jinsi alivyokaa nusu saa iliyopita, alipokuwa hana cha kupoteza, na jinsi anavyokaa sasa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hufanyika wakati msomaji mwenyewe amekwisha kujitoa katika mzunguko na hana karata.

Utafiti

Uwezo wa binadamu wa kugundua uongo ni mdogo. Mwaka 2006 Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya matokeo ya tafiti nyingi wakakuta kwamba watu hupambanua ukweli na uongo kwa usahihi wa takriban 54%, juu kidogo tu ya kurusha sarafu.

Kuhusu poka yenyewe, Michael Slepian na wenzake walichapisha mwaka 2013 majaribio yaliyotumia vipande vya video vya wachezaji wa World Series of Poker wakiweka dau. Watazamaji walioonyeshwa nyuso peke yake walikadiria ubora wa karata vibaya kuliko anayebahatisha. Walioonyeshwa mikono peke yake walifanya vizuri kuliko kubahatisha, na mwendo laini usiosita wakati wa kusukuma chipu ulihusiana na karata nzuri. Kwa maneno mengine, uso wa mchezaji wa kulipwa ulikuwa ukidanganya kwa mafanikio, ilhali mkono ulisahaulika.

Thamani ya ishara kwa hesabu

Tuseme mezani kuna chipu 1,000 na mpinzani ameweka dau la 1,000. Anayelipa huhatarisha 1,000 ili apate 2,000, hivyo akiwa na karata zinazoweza kushinda dau la kutishia tu, inatosha awe sahihi mara moja katika tatu. Kama anaamini mpinzani hutishia mara 20 katika 100, kulipa humgharimu wastani wa chipu 400. Ishara ikimfanya apandishe makadirio hadi 30, bado anapoteza wastani wa 100, na anapaswa kutupa karata ingawa ameiona ishara. Lakini kama alianzia 30 na ishara ikampeleka 40, hasara inageuka faida ya wastani wa 200. Ishara basi ina kazi pale uamuzi ulipo karibu na mizani. Wanaopoteza fedha nyingi kwa sababu ya "kusoma watu" ni wale wanaoiacha hesabu wakaifuata shingo iliyokunwa.

Mfano wa mwaka 2003

Katika fainali ya World Series of Poker mwaka 2003 huko Las Vegas walibaki wawili: Chris Moneymaker, mhasibu aliyefuzu kupitia mchezo wa intaneti, na Sammy Farha, mchezaji mzoefu wa kulipwa. Katika mzunguko mmoja Farha alikuwa na jozi ya tisa. Moneymaker alikuwa na Mfalme na saba, akisubiri ama karata tano za shupaza ama tano zinazofuatana. Karata ya mwisho haikumpa lolote, naye akaweka chipu zake zote. Farha alimtazama kwa muda na kumsemesha, akikisia kwa sauti kwamba huenda mwenzake amezikosa shupaza. Alikuwa amekisia sawasawa. Hata hivyo hakupata kwa Moneymaker kitu cha kumthibitishia, akatupa karata zilizokuwa zikishinda. Moneymaker alitwaa ubingwa na dola milioni 2.5 za Marekani.

Watazamaji wa televisheni waliijua siri hiyo kwa sababu ya kamera zinazoonyesha karata zilizofichwa. Nchini Uingereza zilitumika katika kipindi cha Late Night Poker kuanzia mwaka 1999. Tangu hapo mchezaji anaweza kurudia picha zake mwenyewe huku akijua alishika nini, jambo lililowafumbua macho wengi kuhusu tabia zao.

Kuficha

Njia inayoaminika zaidi ni kufanya kila kitu kwa namna moja. Chris Ferguson, bingwa wa mwaka 2000, alijulikana kwa kukaa kama sanamu akiwa na kofia pana na miwani ya giza. Wengi hujiwekea utaratibu: kutotazama karata mpaka zamu ifike, kuhesabu sekunde zilezile kabla ya kila uamuzi, kusukuma chipu kwa mkono uleule na mwendo uleule, kisha kukazia macho sehemu moja ya meza. Miwani na kofia za sweta husaidia kuficha macho, lakini kwa kuzingatia utafiti wa mwaka 2013 huficha mahali ambapo hapakuwa na siri kubwa.

Njia ya pili ni kutoa ishara za uongo. Katika filamu ya Casino Royale ya mwaka 2006, James Bond anaamini ameigundua tabia ya Le Chiffre ya kujigusa karibu na jicho anapotishia, na imani hiyo inamgharimu fedha zote. Mezani kwenyewe hila hii hushindwa mara nyingi kwa sababu nyepesi: mpinzani hakuwa akitazama.

Kanuni za meza

Kanuni za poka zinaitambua hatari ya ishara. Anayeweka dau hutakiwa kutaja kiasi kabla, au kusogeza chipu zote kwa mwendo mmoja. Hairuhusiwi kuweka chache, kuutazama uso wa mpinzani, kisha kuongeza nyingine. Kumchunguza na hata kumsemesha mpinzani kwa kawaida ni halali, ingawa mashindano mengi huweka mipaka ya mazungumzo. Kuchungulia karata za jirani, kuzitia alama, au wachezaji wawili kukonyezana kwa ishara walizopanga ni udanganyifu, na adhabu yake ni kuondolewa mchezoni.