Pamba Iliyong'olewa Nandete

Makampuni ya nguo yanayojinadi kwa biashara ya haki huwa na maswali kabla ya kuamua yanunue pamba kwa nani. Mkulima kaingia kwa hiari yake? Bei aliijua kabla ya kuvuna? Ile nyongeza inayolipwa juu ya bei, nani anaamua itumikeje? Maswali mazuri. Ila mimi nikiyasoma nawaza Umatumbi, vilima vilivyo nyuma ya pwani ya Kilwa. Huko yalijibiwa mwaka 1905, tena bila karatasi.

Pamba yenyewe haikuwa ngeni. Neville Chittick alipochimba magofu ya Kilwa Kisiwani alikuta vigae vya mviringo vyenye tundu katikati, vya kusokotea nyuzi. Yaani watu wa mji ule walikuwa wakisokota pamba karne kadhaa kabla ya Mjerumani kufika.

Sasa, viwanda vya Ujerumani vilitegemea mno pamba ya Marekani, vikataka pa kuipata kwingine. Mwaka 1902, chini ya Gavana Götzen, yakaanzishwa mashamba ya pamba ya vijiji. Kila mtu siku 28 kwa mwaka, akisimamiwa na jumbe na akida, kiboko kikiwa karibu. Mapato yagawanywe mafungu matatu: la wafanyakazi, la jumbe, la serikali ya wilaya. Kwa maandishi, hata mkaguzi wa leo angeweza kuupitisha mpango huo. Wilaya ya Dar es Salaam, msimu wa kwanza, mtu alipata senti 35 kwa jasho la mwaka. Wapo waliokataa kuzipokea. Hebu fikiria umaskini ule, halafu mtu anaiacha hela mezani.

Julai 1905, pale Nandete, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela wakang'oa mashina ya pamba. Vita vya Maji Maji vikaanza hapo. Tamthilia ya Ebrahim Hussein, *Kinjeketile* (1969), tunaikumbuka zaidi kwa maji ya mganga. Mimi naona tumeisahau pamba mapema mno.

Baada ya vita yale mashamba ya vijiji yaliachwa. Wanunuzi hawakuondoka: mwaka 1907 kiwanda cha kusokota pamba cha Leipzig kikaanza kulima pamba yake chenyewe kwenye koloni hilohilo. Majengo ya kiwanda hicho bado yapo. Siku hizi ni karakana na kumbi za wasanii.