Familia na Mbio za Vijana katika Nyanda za Juu za Bonde la Ufa

Kabla ya shule za kikoloni kuleta riadha, yaani mashindano rasmi ya kukimbia, kuruka na kurusha, vijana wa Wanandi, Wakeiyo na jamii nyingine za Wakalenjin wa Kenya walikuwa na mazoezi ya mwili ambayo hakuna aliyeyahesabu kuwa mchezo, kwa kuwa yalikuwa kazi walizopangiwa na wazazi. Wavulana walichunga mifugo kwenye miinuko inayozidi mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, wasichana waliteka maji na kuokota kuni, na jando, ambalo liliwaunganisha wavulana waliotahiriwa pamoja katika rika moja, lilipima uvumilivu wao mbele ya wazee. Kipchoge Keino, aliyezaliwa Nandi mwaka 1940 na kushinda mbio za mita 1,500 katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, alichunga mbuzi utotoni.

Hata hivyo, familia hiyo hiyo iliyomzoesha binti kubeba mizigo mara nyingi haikumruhusu kushindana, kwani mbio zilidhaniwa kuwa shughuli za wanaume na kikwazo cha ndoa. Sabina Chebichi alipata shaba ya mita 800 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Christchurch mwaka 1974, lakini medali yake haikutosha kuiondoa dhana hiyo, na Tegla Loroupe, aliyekimbia takriban kilomita 10 kwenda shuleni, alipingwa na baba yake huku mama akimuunga mkono, kabla ya kushinda marathoni ya New York mwaka 1994.

Kufikia wakati huo zawadi za fedha zilikuwa zimeanza kununua mashamba na kulipa karo, hivyo mbio zikawa urithi wa ukoo: wakimbiaji Richard Chelimo na Ismael Kirui walikuwa ndugu, na Moses Kiptanui, wa kwanza kukimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji chini ya dakika 8, mwaka 1995, alikuwa binamu yao.

Kwa hiyo, mwinuko wa ardhi pekee hauelezi historia hii, kwa sababu wavulana na wasichana waliishi kwenye vilima vilevile, ila ruhusa ya nyumbani ndiyo iliyoamua nani angekimbia na nani angebaki.