Kiungo wa Muthurwa kwenye Debe la Kibra

Ukishuka matatu pale Adams Arcade, Nairobi, ukaifuata barabara ya Joseph Kang'ethe kuelekea Woodley, umeshaingia eneobunge la Kibra. Wengi hawalijui hilo. Wakisikia Kibra wanawaza mabati ya Laini Saba, Lindi na Sarang'ombe tu, kumbe kuna wadi nyingine yenye ua, maegesho na uwanja wa gofu. Mnamo Novemba 7, 2019, watu wa mabati na watu wa vigae walipiga foleni kumchagua mbunge mmoja. Kwenye karatasi ya kura palikuwa na jina la mtu ambaye miaka tisa kabla yake alikuwa kwenye kikosi kilichotwaa Ligi ya Mabingwa wa Ulaya: McDonald Mariga.

Hakuwa mtoto wa Kibra. Alizaliwa Aprili 4, 1987, na kulelewa Muthurwa, mtaa wa wafanyakazi wa reli ulio upande wa pili wa katikati ya jiji, akasomea Kamukunji. Baba yake, Noah Wanyama, aliichezea AFC Leopards miaka ya 1980, enzi ambazo klabu hiyo ilitwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1982, 1983 na 1984. Mataji yalikuwepo, pesa hazikuwepo. Mchezaji wa zama hizo aliishi kwa ajira nyingine, na aliyebahatika sana alipata timu ya kampuni iliyomwandika kazi ili acheze. Hata Joe Kadenge, nyota wa kabla ya zama hizo ambaye jina lake lilitangazwa redioni mpaka likawa msemo, alikuja kuendesha teksi hapa Nairobi.

Mariga naye alianzia kwenye mfumo huohuo. Alipitia Tusker, timu ya kiwanda cha bia, na Kenya Pipeline, timu ya kampuni ya bomba la mafuta. Tofauti yake na baba yake ilikuja mwaka 2005 alipopata nafasi Uswidi, kwanza katika klabu ndogo ya Enköping, kisha Helsingborg. Huko alitwaa Kombe la Uswidi mwaka 2006, katika timu ambako mshambuliaji Henrik Larsson alikuwa ndio kwanza amerejea kutoka Barcelona. Kwa kijana wa miaka 19 aliyetoka Muthurwa, mazoezi ya kila siku na mtu kama huyo yalikuwa shule tosha.

Mwaka 2007 Parma ya Italia ikamnunua, naye akawa Mkenya wa kwanza kucheza Serie A. Msimu wa kwanza ulikuwa mchungu, kwani Parma ilishuka daraja mwaka 2008. Mwaka mmoja baadaye ikarudi, na kiungo huyu mrefu, asiyeogopa kugongana na mtu, akaanza kutajwa na vilabu vikubwa.

Hapa ndipo kisa chake kinapokutana na Kibra kwa mara ya kwanza, ingawa wakati ule hakuna aliyeliona hilo. Dirisha la uhamisho la Januari 2010 lilipokaribia kufungwa, Manchester City ilikuwa imekubaliana na Parma. Kilichokwama ni kibali cha kazi. Sheria za Uingereza zilidai mchezaji atoke nchi iliyo ndani ya 70 bora kwenye orodha ya FIFA, na timu ya taifa ya Kenya, Harambee Stars, ilikuwa chini ya hapo. Yaani Mariga alikuwa anaadhibiwa kwa makosa ya chama cha soka ambacho kwa miaka mingi kilijua zaidi kugombana mahakamani kuliko kuandaa timu. Serikali iliingilia kati, na iliripotiwa kwamba Waziri Mkuu wa wakati huo, marehemu Raila Odinga, alizungumza na Waingereza ili kijana aruhusiwe. Odinga ndiye pia aliyekuwa mbunge wa Lang'ata, eneobunge lililoibeba Kibra kabla haijakatwa na kusimama peke yake mwaka 2013.

Waingereza walikataa. Inter Milan, iliyokuwa chini ya José Mourinho, ikamchukua dirisha likiwa linafungwa.

Mtu anaweza kusema mlango mmoja ulifungwa ukafunguka bora zaidi, na kwa kuhesabu makombe ni kweli. Msimu huo Inter ilitwaa ligi, Kombe la Italia na Ligi ya Mabingwa. Mariga akawa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi ya Mabingwa, na usiku wa Mei 22, 2010, Inter ilipoifunga Bayern 2-0 mjini Madrid, alikuwa kwenye benchi. Hakuingia. Wakenya hatukujali hata kidogo. Tulimsherehekea kana kwamba mabao ya Diego Milito alifunga yeye. Lakini kwa kuangalia kazi yake tu, mimi naona miaka yake bora ilikuwa ile ya Parma. Inter ilimpa medali. Parma ilimpa dakika za kucheza, na bila dakika mchezaji hakui.

Baada ya hapo mambo yalipungua kasi. Aliazimwa Real Sociedad mwaka 2011, akarudi Parma kwa mkopo, majeraha yakamwandama, na Inter ikaachana naye 2014. Akaenda Latina, Real Oviedo ya Uhispania, na mwisho Cuneo, klabu ya daraja la tatu Italia. Wachambuzi wetu hupenda kuita safari ya namna hiyo kuporomoka. Ukweli ni kwamba mwanasoka anayelipwa kwa mguu wake hadi umri wa miaka 31 au 32, akiwa na goti lenye historia, amefanya kazi yake.

Isitoshe, njia aliyoikanyaga haikuota nyasi. Mdogo wake, Victor Wanyama, alimfuata Helsingborg mwaka 2007, akahamia Ubelgiji, kisha Celtic ya Scotland. Novemba 7, 2012, aliifunga Barcelona kwa kichwa katika ushindi wa 2-1 mjini Glasgow. Mwaka uliofuata akaenda Southampton na kuwa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, palepale kaka yake alipofungiwa mlango.

Miaka saba kamili baada ya bao lile, siku na mwezi uleule, kaka mtu alikuwa anasubiri matokeo ya Kibra. Kiti kilibaki wazi mbunge Ken Okoth alipofariki Julai 26, 2019. Chama cha Jubilee kikamtafuta mtu mwenye jina na kikampata Mariga, ambaye ndio kwanza alikuwa ametundika daluga. Mwanzo ulikuwa wa aibu: tume ya uchaguzi ilimkataa kwa sababu jina lake halikuonekana kwenye sajili ya wapigakura, ikabidi kamati ya mizozo imrudishe kinyang'anyironi. Rais Uhuru Kenyatta akampokea Ikulu na kumvisha kofia ya chama, naye naibu wake, William Ruto, akaibeba kampeni kama yake. Upande wa pili ODM, chama cha Raila, kilimsimamisha Imran Okoth, ndugu wa marehemu. Raila akaja kulinda mahali alipopaita chumba chake cha kulala. Mzee aliyemtetea Mariga kwa Waingereza mwaka 2010 sasa ndiye aliyemzibia njia, na kwenye siasa zetu hakuna aliyeona ajabu.

Imran Okoth alipata kura 24,636, Mariga 11,230. Kabla hata matokeo hayajatangazwa rasmi, Mariga alimpigia mpinzani wake simu na kumpongeza, jambo ambalo wanasiasa wazoefu wa nchi hii huona kama ugonjwa. Wapo waliosema Kibra imeikataa soka. Sidhani. Watoto wa Kibra wanacheza kandanda kila penye futi chache za udongo mtupu, na jina la Mariga walilijua vizuri. Kura ya pale huamuliwa na chama, na mazishi ya karibuni, na nani alikuwepo nyumba zilipobomolewa. Mgombea aliyeishi utu uzima wake wote Ulaya hakuwa na majibu ya maswali hayo, hata angekuja na medali kumi.

Kazi iliyomfaa zaidi aliipata baadaye. Desemba 7, 2024, wajumbe wa Shirikisho la Soka Kenya walimchagua Hussein Mohammed kuwa rais, na mgombea mwenza wake akawa naibu rais: Mariga. Sasa yumo ndani ya ofisi ambayo udhaifu wake ulimgharimu Manchester. Agosti 2025 Kenya iliandaa CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, pamoja na Tanzania na Uganda, ikaifunga Morocco 1-0 uwanjani Kasarani kabla ya kutolewa na Madagascar kwa penalti katika robo fainali. Kinachofuata ni Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, litakaloandaliwa na nchi hizohizo tatu, mashindano ambayo Mariga hakuwahi kuyacheza hata mara moja, kwa kuwa Kenya haikufuzu tena baada ya 2004 hadi 2019. Uwanja mpya wa Talanta, wa viti 60,000, ulianza kujengwa kwa ajili ya fainali hizo Jamhuri, kandokando ya Barabara ya Ngong, mwendo mfupi wa matatu kutoka Adams Arcade. Atakayekaa jukwaa kuu kama mwenyeji ni kiungo aliyezisubiri fainali hizo kazi yake yote ya uwanjani na hakuzipata.