Mahali Palipiwe Mara Moja: Hoja Kuhusu Bei ya Intaneti Katika Milima ya Usambara

Mtoa huduma mdogo wa intaneti isiyotumia waya akitaka kuwafikia wateja wa Lushoto na Bumbuli, swali la bei litamkuta kabla hajasimika nguzo ya pili: je, kaya ya Mtae ilipe sawa na kaya ya Lushoto mjini? Hoja ya makala haya ni kwamba mahali alipo mteja pana haki ya kuingia katika bei, lakini katika ada ya kuunganishwa tu, si katika malipo ya kila mwezi. Aidha, katika Usambara mahali pasipimwe kwa kilomita wala kwa mipaka ya kata, bali kwa kile ambacho antena inakiona.

Tuanze na kipimo, maana hapo ndipo makosa huanzia. Watanzania tumezoea bei inayofuata barabara. Kila mwezi mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, EWURA, hutangaza bei kikomo za mafuta kwa kila wilaya, na petroli ya Lushoto huwa ghali kuliko ya Tanga mjini kwa kuwa lori limeitoa bandarini na kuipandisha mlimani. Mawimbi hayapandi lori. Masafa ya gigahezi 5, yanayopendwa na watoa huduma wadogo, hupita vizuri kati ya antena mbili zinazoonana, na hugota kwenye kilima. Ukisimama Irente, Mazinde iko chini yako kwenye tambarare. Kwa antena iliyosimikwa hapo ni hatua moja. Kwa gari ni kushuka Soni hadi Mombo, kisha kuifuata barabara kuu ya kwenda Moshi. Mtae nayo, ambayo abiria wa basi huifikia amechoshwa na kona, imekaa kwenye ukingo wa milima ikiitazama nyika ya Mkomazi, mahali ambapo fundi wa mawimbi angepachagua mwenyewe. Kitongoji kilichojificha bondeni nyuma ya kigongo, mwendo mfupi tu kutoka Lushoto mjini, ndicho kinachohitaji kituo cha kupokezana mawimbi chenye nguzo, betri na sola. Hata miti ina neno lake: mgrivea au mkaratusi uliopandwa leo unaweza kuziba njia ya mawimbi baada ya miaka michache, na fundi akalazimika kuinua nguzo au kupatana na mwenye shamba juu ya matawi. Bei ya kilomita ingemtoza zaidi mtu wa Mtae na kumpunguzia wa bondeni, kinyume kabisa cha gharama.

Kwa nini basi palipiwe mara moja? Shirika la umeme, TANESCO, linatupa mfano wa karibu. Uniti ya umeme haibadiliki bei kwa sababu mteja yuko mlimani, lakini ada ya kuunganishwa inatazama mahali: kuanzia Januari 2022 imekuwa shilingi 27,000 vijijini, na mijini 320,960 kwa mteja wa njia moja aliye karibu na nguzo. Tofauti hiyo imeelekezwa kumpunguzia mwanakijiji, kwa kuwa Serikali, kupitia Wakala wa Nishati Vijijini (REA), imebeba mzigo wa kufikisha nyaya. Linalotuhusu ni kutenganishwa kwa gharama mbili. Katika intaneti, gharama kubwa ya kumfikia mtu wa bondeni hutokea siku ya kusimika kituo. Baada ya hapo data anayotumia haipishani sana kwa gharama na ya mtu wa kileleni, na betri inayobadilishwa baada ya muda inaweza kubebwa na wateja wote. Ukiiingiza nguzo katika malipo ya mwezi, mteja ataendelea kuilipia hata akishamaliza kuilipa.

Wapo watakaosema kwamba usawa unadai bei moja kwa wote, na katika nchi yetu hoja hiyo ina historia ndefu. Katikati ya miaka ya 1970 Serikali iliweka bei moja ya mahindi nchi nzima. Wakulima wa Rukwa na Ruvuma waliinuka kwelikweli, lakini gharama za kusafirisha ziliangukia Shirika la Usagishaji la Taifa, ambalo lilizama katika madeni, na katika miaka ya 1980 utaratibu huo ukaachwa. Sioni kwamba historia hiyo inalaani usawa. Inaonyesha kwamba bei moja huhitaji mlipaji wa tofauti, na kwamba mlipaji asipotajwa, deni hujificha vitabuni. Mtoa huduma mdogo hana Hazina nyuma yake. Tofauti ingelipwa na wateja wake wa vileleni, ambao ndio wa kwanza kuhamia bando za simu, na kampuni za simu zenyewe, kwa vifurushi vinavyopangwa kwa mteja mmoja mmoja, vya aina ya Saizi Yako na Ya Kwako Tu, zimekwisha kuacha bei moja kimyakimya.

Pingamizi zito zaidi ni la msongamano. Mwaka 2023 Starlink iliwatoza Wamarekani dola 120 kwa mwezi palipokuwa na wateja wengi, na 90 palipokuwa na nafasi; Novemba 2024 ikaacha kupokea wateja wapya Nairobi kwa kuwa uwezo ulikuwa umejaa. Hapo mahali panagusa gharama ya kila mwezi, sikatai. Lakini msongamano ni jambo la saa zaidi kuliko la kijiji, na huduma ya MTN Zone nchini Uganda ililielewa hilo ilipopunguza bei ya kupiga simu kwa kadiri mnara ulivyokuwa na nafasi wakati ule. Tena kituo cha bondeni kikielemewa jioni, mara nyingi ni kwa sababu mtoa huduma amekijenga kidogo; nyongeza ya mwezi ingemlipa kwa uzembe wake. Punguzo la usiku, linalohamisha matumizi kutoka jioni, linatosha.

Linabaki tatizo la mteja wa kwanza. Tuseme kituo kinagharimu shilingi milioni 3 na bonde lina kaya 30 zinazoweza kujiunga: kila moja ingebeba laki moja, lakini anayetangulia akidaiwa zote, hatajiunga mtu. Ada ihesabiwe kwa kaya zinazotarajiwa, na pengo la mwanzo lizibwe na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao mwaka 2023 uliingia mikataba ya minara 758 nchini. Lakini ruzuku ikihesabiwa kwa kata, kata ya milimani huhesabika imefikiwa pale kileleni panaposhika mtandao, hata kama nusu ya vitongoji vyake viko kivulini, mahali mawimbi hayafiki. Mfuko ungeweza kudai ramani ya vivuli hivyo kabla ya kulipa, ramani ileile ibandikwe ofisi ya kata pamoja na ada ya kila kitongoji, ili mwananchi aone ni kilima kipi anachotozwa.