Jina na Dawa: Habari za Degedege na Tiba za Watoto katika Mrima

Waandishi wengi walioorodhesha dawa za kienyeji za watoto huanza na mti: jani gani, mzizi gani, huchemshwa vipi. Makala haya yaanzia upande mwingine, yaani kwenye jina la ugonjwa. Katika nyumba za Mrima dawa haikutafutwa mpaka jina limekwisha kupatikana, na aliyelitoa jina hilo, mara nyingi bibi wa nyumba au jirani aliyelea wengi, ndiye aliyeamua mtoto apelekwe wapi.

Nachukua degedege kuwa mfano, kwa sababu neno lenyewe laeleza mengi. Ndege, likipoteza sauti ya n- ya mwanzo, huwa dege, kama vile nguo izaavyo guo na mbuzi buzi: ni ndege mkubwa, na ukubwa wa namna hii katika lugha yetu mara nyingi huchukua maana ya kutisha. Likirudufiwa hupatikana degedege. Wazee wa Bagamoyo walisimulia kwamba ni shetani wa pwani ajaye kwa sura ya ndege. Hupita juu usiku wa mbalamwezi, na kivuli chake kikimwangukia mtoto, mtoto hushtuka, macho hupinduka, viungo hukakamaa. Wengine walisema ni nondo mkubwa wa usiku. Maelezo hayo hayakutungwa ovyo. Aliyemwona mtoto katika hali hiyo ajua kwamba hupapatika, na kupapatika ni tendo la ndege.

Dawa ikalifuata jina. Mtoto alifukizwa kwa moshi wa mavi ya tembo, au mama yake alimkojolea, au alioshwa kwa maji ya majani aliyoyachuma mganga. Kwa maoni yangu moshi na harufu kali havikukusudiwa kuponya mwili, bali kumfukuza kiumbe wa hewani. Mtoto mwenye homa tu hakufanyiwa hayo: yeye alipewa mwarobaini, au alifunikwa nguo juu ya nyungu ili atoke jasho. Homa ilikuwa jambo moja, degedege jambo jingine kabisa.

Hapo ndipo ilipo hatari yenyewe. Mwaka 1897 Ronald Ross, akifanya kazi India, alivumbua vijidudu vya malaria katika tumbo la mbu. Leo twajua kwamba malaria kali ikishika ubongo humtia mtoto mtetemeko uleule ulioitwa degedege. Lakini si kila degedege ni malaria. Homa yoyote kali yaweza kumtetemesha mtoto mdogo, na wengi wa namna hiyo hutulia wenyewe baada ya dakika chache. Bila shaka ndiyo sababu moshi ulipata sifa: ulikuwapo wakati mtoto alipotulia.

Kamusi nazo zilichangia kulificha jambo hili. Mfasiri aliyeandika kwamba degedege ni mtetemeko wa watoto hakukosea, ila alitupa nusu ya maana. Dalili aliitaja, ndege, kivuli na mganga aliwaacha nje. Mtumishi wa afya akichukua tafsiri hiyo hudhani kwamba yeye na mama wazungumza juu ya kitu kimoja. Kumbe kumwambia mama kwamba malaria huua watoto si kumwambia lolote juu ya degedege. Utafiti uliofanywa wilayani Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 ulithibitisha jambo hili: degedege lilihesabiwa kuwa ugonjwa wa peke yake, wenye waganga wake, na hospitali ilifuata baadaye.

Tena palikuwa na mwiko wa sindano. Wengi waliamini kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano hufa. Chanzo cha imani hii nadhani nakijua, kwani kilipita nyumbani kwetu. Mdogo wangu aliyenifuata alifukizwa siku mbili. Siku ya tatu baba alimbeba hospitali, akachomwa sindano, na jioni akafariki. Bibi hakusema kwamba moshi umeshindwa. Alimwambia mama, "Nilikwambia, mwanangu. Sindano." Mama hakuwa na la kujibu, na mwaka ule katika mtaa wetu sindano ilipata ushahidi mmoja zaidi.

Msomaji asidhani kwamba majina haya yote ni ya kale. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, alichokitoa Carl Velten mwaka 1903, na ambacho sehemu kubwa yake yatokana na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, chaeleza uzazi, malezi na uganga wa pwani. Lakini mtu hatatazamia kukuta humo meno ya plastiki. Ugonjwa huu, ambao kwa ajili yake watoto wenye homa na kuhara walitobolewa ufizi na kung'olewa chembe za meno ambayo hayajaota, hauwezi kuwa umepata jina lake kabla plastiki haijazoeleka nyumbani. Neno lenyewe ni tarehe. Kukata kimeo kwa sababu ya kikohozi kisichokoma ni habari nyingine, nayo yastahili makala yake.

Liko neno moja ambalo hospitali yenyewe ilikopa kwa mganga. Kuchanja ni kupasua, kama kuni. Kisha ni kutoa chale ndogo katika ngozi na kusugua dawa ndani yake. Ilipokuja kinga ya ndui, ugonjwa uliotangazwa mwaka 1980 kuwa umetoweka duniani, watu waliona ngozi ikikwaruzwa na dawa ikiingizwa, wakaita jambo hilo kuchanja, na chanjo ikabaki kuwa chanjo hata kwa dawa zinywewazo kwa matone. Bibi yangu, yuleyule aliyeilaani sindano, alitupeleka sote kuchanjwa bila kuitwa mara mbili, na kovu la begani alilionyesha kwa jirani kama kazi iliyofanywa vizuri.